Uji Hauliwi

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi mwenyewe, na hata yeye hakatai. Kliniki ilimwambia asile kitu chochote mpaka apimwe. Hakula. Alfajiri kifua kilipomchoma, akanywa uji bakuli zima, akajifuta mdomo, akatoka.

Miaka kumi na moja tindikali ilimpanda kooni kila alipoinamia cherehani. Vidonge vilimtuliza, halafu vikachoka. Siku hizi alishona mstari mmoja, akasimama, akazunguka meza, akameza mate, akarudi. Usiku alilala ameketi kama mlinzi. Daktari alimweleza njia mbili, zote kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasua. Ama sehemu ya juu ya tumbo ikunjwe kuzunguka mwisho wa umio, yaani njia ya chakula, na kubanwa, mlango wa tumbo uliolegea ukaze. Ama msuli wa mlango huo upashwe joto, ukaze wenyewe.

“Nimeshachagua kukunja,” alimwambia mkewe kwenye benchi la kliniki. “Pindo likishonwa limeshonwa. Hiyo ya joto ni kupiga pasi tu. Ukikaa mara mbili, mkunjo kwisha!”

“Si alisema ya joto ni nyepesi ila wengine wanarudia vidonge? Na ya kukunja inashika zaidi, lakini tumbo likiwa limepanda sana kifuani haifai. Ndiyo maana leo anataka kuchungulia kwanza.”

“Achungulie nini? Tumbo langu nalijua.”

Tumbo likajibu lenyewe kwa mbweu mrefu, mpaka muuguzi aliyekuwa akipita na mafaili akasimama.

“Fundi, umekula?”

“Sijala.”

“Na hiyo harufu?”

“Uji. Uji hauliwi, dada, unanywewa.”

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi hakucheka.

“Tukikulaza usingizi na huo uji tumboni, utapanda uingie mapafuni. Rudi wiki ijayo.”

Wiki nzima! Fundi akainuka, akakaa, akainuka tena. Mlango wa daktari ulipofunguka tu, akaukimbilia, mkewe nyuma yake.

“Daktari, wiki ijayo tusipotezeane muda. Usihangaike kuchungulia. Pitisha mpira, kunja, bana, nirudi kazini.”

“Na nikikuta tumbo lako halifai kukunjwa?”

“Litafaa! Nimekunja maturubai mimi, sembuse hilo?”

“Fundi, lazima nilione kwanza.”

“Mwenye tumbo ni mimi, na fundi ni mimi. Nikisema kunja, unakunja!”

Daktari alivuta pumzi ajibu, lakini mke akamtangulia.

“Baba watoto, mteja akikwambia kata tu kitambaa, usinipime, wewe unamkatia?”