Nilisema ni Kifua

Sisi mafundi cherehani hatusemi matiti. Mteja anasimama mbele yako amenyoosha mikono, unamzungushia futi, unataja namba: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, na hakuna anayeona haya. Miaka kumi na tisa nimesema kifua tangu asubuhi hadi jioni. Siku nilipotaka kumdanganya mama yangu, neno lilikuwa tayari mdomoni.

Nianze na upuuzi wangu. Nashona magauni ya harusi, na kila gauni nililojishonea mwenyewe lilikuwa na sponji mbele, tabaka mbili, kwa sababu watoto watatu walininyonya wakamaliza kila kilichokuwemo. Sasa mteja wangu mmoja, mke wa mwenye duka la vigae, alirudi kutoka nje ya nchi na kifua kipya. Nilimpima, nikampima tena nikidhani futi imejikunja. Akacheka, akanipa namba ya kliniki. Sikumuuliza alikaa huko siku ngapi, wala nani alimwangalia aliporudi, wala kama kuna kitu kiliwahi kumuuma. Nilimuuliza tu kama kovu linaonekana. Na ni mimi huyuhuyu ninayemhoji mtu kwa nusu saa nzima kabla sijakata kitambaa cha mkono wa blauzi.

Naishi na mama na wanangu. Baba yao alishaoa kwingine. Nilimwambia mama kwamba naenda kutibiwa nje. Alikuwa anasugua sufuria.

"Unaumwa nini?"

"Kifua."

Akaiweka sufuria chini. Hakuuliza tena. Baba yangu alikufa kwa kifua kikuu nikiwa darasa la pili, na nilijua fika neno lile limemwangukia wapi. Ningeweza kusema, hapana mama, si hicho. Niliinama nikaendelea kukunja nguo zangu za safari.

Kliniki ilikuwa inang'aa. Daktari wa upasuaji nilimwona mara moja, dakika chache, tayari ameshika kalamu ya kunichora mistari kama mimi ninavyochora kitambaa kwa chaki. Nilitia saini karatasi sita za lugha nisiyoisoma, kwa haraka, ili nisionekane mshamba. Waliniambia nikae siku kumi, nionwe tena kabla ya kupanda ndege. Mama nilikuwa nimemwambia siku sita. Siku ya sita nilikuwa njiani na plasta mpya chini ya koti.

Walinipa pia kadi ndogo ngumu. Ilikuwa na jina la vile vifuko vya silikoni walivyonitia, ukubwa wake na namba zake, na muuguzi alinionyesha kwa vidole kwamba niitunze maisha yangu yote. Pale uwanja wa ndege nilimuwaza mama akipekua begi langu kutafuta nguo chafu za kufua. Nikaingia chooni, nikaichana vipande, nikavitupa kwenye pipa.

Nyumbani nikawa navaa madera mapana. Kifua kipya nilikificha kuliko nilivyowahi kukificha cha zamani. Gauni lisilo na sponji nililivaa mara mbili tu, mbele ya kioo cha chumba changu cha kushonea, mlango nimeubana kwa kiti.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Kila nilipoacha chai nusu, aliimalizia yeye, kwenye kikombe kilekile, mdomo wake palepale nilipoweka wangu. Siku moja nikamwambia, "Mama, chukua chako basi."

"Baba yako nilimtengea kikombe," akasema. "Mwaka mzima alikunywa peke yake kwenye kikombe chake cha bati, ananiangalia. Sitakufanyia wewe."

Nilinyanyuka nikaenda kukaa kwenye cherehani. Nilishona mshono mmoja mrefu usio na maana yoyote, nikaufumua. Hata hapo sikusema.

Mwezi wa nane tangu nirudi, titi la kushoto likaanza kuwa gumu. Lilipanda juu, likakaa karibu na kwapa kama limekosana na mwenzake. Nilipiga simu kliniki. Wa kwanza alisema nitume picha. Wa pili alisema daktari yule hafanyi kazi pale tena, nimwone daktari wa kwetu. Mara ya tatu hakuna aliyepokea. Daktari wa kwetu ningemwambia nini, na mkewe namshonea? Nikameza dawa za maumivu, nikavaa dera pana zaidi.

Kisha likawa jekundu, likawa la moto, na homa ikanilaza. Mama aliwapeleka wanangu kwa shangazi, dada wa marehemu baba, ili wasiambukizwe. Mdogo alisimama mlangoni na begi la shule, akaniaga kwa mbali kama alivyofundishwa. Na mimi, aibu yangu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: nilijilazimisha kukohoa, ili uongo wangu usimame vizuri.

Siku ya tatu ya homa mama alinivalisha viatu mwenyewe, akanipeleka hospitali. Muuguzi wa mapokezi akauliza nasumbuliwa na nini. Kabla sijafungua mdomo mama akajibu, "Kifua. Baba yake alikufa nacho." Nikapewa barakoa, nikaelekezwa benchi la peke yake karibu na dirisha. Mama akaja akakaa hapohapo, bega kwa bega, wakati benchi zima lilikuwa tupu.

Kwenye chumba cha eksirei kulikuwa na mwanamke mtu mzima mwenye miwani.

"Dada, vua sidiria."

"Nimevua."

Akatazama shuka nililojifunga lilivyotuna mbele. "Basi toa na hizo sponji."

"Sina sponji," nikasema. Mara ya kwanza maishani ilikuwa kweli, na nilitamani sakafu inimeze.

Picha ikafika kwa daktari kabla yetu. Alikuwa mwanamume mpole, hana haraka. Aliitazama kwenye kompyuta, akanitazama mimi, akamgeukia mama. "Mama, tupishe kidogo."

"Baba yake niliambiwa nipishe kidogo," mama akasema. "Niliporudi walishamfunika uso. Leo sitoki."

Daktari akaitazama tena ile picha. Alijua, na alijua kwamba nimejua kwamba anajua. Akavuta kiti karibu. "Dada, una homa kali sana. Kuna usaha mahali fulani mwilini mwako na unaanza kuingia kwenye damu. Sitaki kubahatisha. Niambie wewe."

Nilitafuta neno jingine. Nikatafuta uvimbe, nikatafuta jipu, mafundi tuna maneno mengi ya kufunika mshono mbaya. Mama alikuwa amenishika kiganja kwa mikono miwili.

"Ni matiti, daktari," nikasema, nikitazama viatu vyangu. "Nilienda kuongeza matiti. La kushoto limeharibika."

"Lini?"

"Huu ni mwezi wa tisa tangu nifanyiwe."

"Waliweka kitu cha aina gani? Ukubwa gani? Kadi yake iko wapi?"

"Niliichana."

Hakunigombeza. Alisema kifuko cha kushoto kitatolewa leo, na kwamba atafungua bila kujua atakutana na nini. Alisema ningekuja siku lilipoanza kuwa gumu tu, tungekuwa na mengi ya kujadili. Sasa lilikuwa limebaki jambo moja. La kurekebisha tutalizungumza baadaye, kama kutakuwa na ngozi ya kurekebisha. Mimi ninayeandika kwenye daftari aina ya uzi wa kila mteja, sikuwa na jina la kitu kilichokuwa kinaniua.

Nikasubiri mama aachie mkono wangu. Nilingoja kofi, matusi, nilingoja lolote.

"Kwa hiyo mapafu," akasema polepole.

"Mapafu ni mazima, mama," daktari akamjibu.

"Hana kifua."

"Hana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hajawahi kuwa nacho."

Akaomba aonyeshwe. Daktari akageuza kompyuta. Mama akasogeza uso hadi karibu na kioo, akapitisha kidole juu ya mapafu yangu, upande mmoja, halafu mwingine. Vile vivuli viwili vya mviringo vilivyokuwa vimekaa mbele yake havikumshughulisha kabisa.

Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu. Tulipotoka koridoni, mama alikuwa ameshampigia simu shangazi. Shangazi hasikii vizuri, kuongea naye ni kupaza sauti, na koridoni kulikuwa na foleni ya watu kama thelathini.

"Si kifua, wifi. Nasema si kifua. Ni matiti. Ma-ti-ti. Alienda kuyaongeza. Ndiyo, hayohayo. Waambie watoto mama yao hana kifua, ni matiti tu."

Kuna mtu alicheka. Mwingine akageuka kunitazama, kisha foleni nzima ikageuka. Nikavuta shuka hadi kidevuni. Mama hakuwaona. Machozi yalikuwa yanamtiririka na yeye anacheka, anarudia lilelile kwa muuguzi anayesukuma kitanda, na kwa mlinzi aliyetufungulia mlango. Kama angenitukana ningepata pa kushika.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji wakamwambia mwisho wake ni hapo. Akaniinamia, akanifuta jasho kwa upindo wa kitenge chake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Miezi yote hii nilikuwa nimeshakuzika moyoni."

Nikaushika upindo ule hadi wakanisukuma ndani.