Bidhaa Kwanza, Bango Baadaye

Povu aliuza sabuni mpaka sabuni yenyewe ikamchoka. Si kuuza dukani, la. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye ofisi ya kampuni na kuwaza namna ya kumfanya mtu aliyefua vizuri tu jana, leo aamke akiitaka sabuni nyingine. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Jina la Povu alipachikwa na wenzake wa ofisini, likamfuata mpaka nyumbani, na hata mama yake mzazi alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa na hasira alimwita "wewe".

Mama huyo alikuwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya cha mtaa wao, na ndiye aliyemtafutia binti yake huyo kazi mpya. Kituo kilikuwa na tatizo lililowaumiza watu vichwa. Wajawazito walijaa kliniki, wakapimwa, wakapewa vidonge, wakaagana na kila mtu vizuri, halafu siku ya uchungu ikifika, huwaoni. Walizalia majumbani, na wengine waliletwa mambo yakiwa yameshaharibika. Vitanda vya wodi vilikaa vimetandikwa, vinasubiri.

"Wanawake hawa hawajui," mama alimwambia daktari mkuu wa kituo. "Wanataka kuelimishwa. Mwanangu kazi yake ni kushawishi watu. Kama ameweza kuwauzia sabuni, atashindwa kuwauzia uhai wao wenyewe?"

Mama alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, mke wa mwanawe wa kiume, mdogo wake Povu, alijifungulia nyumbani, mtoto akatoka amechoka, hakulia, akafa. Alikuwa mjukuu wa kwanza. Familia nzima iliamini uchungu ulimjia ghafla, hakupata nafasi hata ya kumwita jirani. Mama alisema ni uzembe, akalia sana, akanawa uso, akarudi kazini. Sasa yule mkwe, wifi yake Povu, alikuwa mjamzito tena, mwezi wa nane, na daktari alishamwambia bila kupepesa macho: safari hii usithubutu kuzalia nyumbani, kwa damu uliyomwaga ile mara ya kwanza tutakupoteza hata wewe. Wifi aliitikia kwa kichwa. Povu alikuwepo, akakiona kile kichwa kinavyoitikia, na moyo wake ukakataa kukiamini.

Basi akaingia kazini kwa pupa. Alimpiga picha mwanamke mwenye tabasamu na kichanga kinene, akaandika kwa herufi kubwa, "Zalia kituoni, nyote muwe salama," akabandika mabango kila ukuta uliokubali gundi. Redioni aliweka tangazo lenye sauti tamu na kicheko cha mtoto. Watu walilipenda, watoto wakaliimba njiani. Kliniki ikafurika, mabenchi hayakutosha. Na vitanda vya wodi? Vilikaa vilevile, shuka zimenyooka.

"Tuongeze mabango," alisema daktari mkuu, mtu mwema aliyeamini kwamba dawa isipofanya kazi huenda ni kipimo kidogo.

Povu aliona aibu. Huko kwenye sabuni, asingethubutu kutoa hata harufu mpya kabla ya kukaa na wafuaji, akaangalia mikono yao, akasikia wanalalamika nini. Hapa alikuwa ameketi na madaktari na mama yake tu, watu wa upande wa kuuza. Hakuwa amemuuliza mnunuzi hata neno. Lo! Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye mtu mzima.

Kesho yake alikwenda saluni iliyoko mtaa wa pili, ambako sura yake haikujulikana, akachagua mtindo wa kusuka wenye nywele nyembamba kuliko zote ili apate kukaa kutwa. Mahali ambapo mwanamke ameshikwa kichwa, hana pa kwenda, lazima aongee. Hakuuliza swali la maana. Alisema tu kwamba ameona mabango ya kuzalia kituoni, mazuri kweli.

"Mazuri," alisema msusi. "Ila hawakuweka picha ya Sajini."

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakaushwa nywele akainuka na taulo lake kichwani, akajifanya anavaa glavu, akatoa sauti nzito: "Nyamaza! Hapa si sokoni! Wewe ndiye wa kwanza kuzaa duniani?" Watu wakashika mbavu. Povu naye alicheka, tena alicheka mpaka machozi, kwa kuwa yule mwanamke aliigiza kwa kipaji cha ajabu. Kisha mwigizaji akafyonya, akasukuma kwa mgongo wa mkono miwani ambayo hakuwa nayo. Povu akaacha kucheka. Duniani alimjua mtu mmoja tu anayesukuma miwani hivyo.

"Huyo Sajini ndiye nani?" aliuliza, na jibu analo.

"Mkunga mkuu. Usimkute, dada yangu. Mwenzangu hapa alichapwa kofi la paja."

"Tuseme ukweli lakini," alidakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Mikono yake haina mfano. Kaka yake huyu alikuwa amejifunga kitovu shingoni, akamtoa kama mchezo. Shida ni mdomo. Nilitoka pale na mtoto mzima, na mimi mwenyewe nimekwisha. Huyu wa pili nimemzalia nyumbani kwangu, kwa heshima zangu."

Nywele zilipokwisha, Povu alilipa, akatoka. Miaka yote aliyofanya kazi alikuwa akiwafundisha vijana wa ofisini kwamba bei ya kitu si lazima iwe pesa; kuna mtu atalipa usumbufu, mwingine atalipa woga. Huduma ya wodi ile ilikuwa bure, na bado wanawake waliiona ghali. Walikuwa wanalipa kwa kuvuliwa utu. Na anayewavua alikuwa mama yake, aliyemlea peke yake, aliyemsomesha kwa mshahara wa wodi hiyohiyo. Alitembea kurudi nyumbani kichwa kinamuuma, na si kwa sababu ya kusukwa.

Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha uani, alikoishi mdogo wake na mkewe. Wifi alikuwa anakunja nguo za mtoto kitandani.

"Wifi, nikuulize jambo, usinifiche. Utazalia wapi?"

"Si kituoni? Daktari amesema."

"Daktari nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Wifi aliendelea kukunja kijifulana ambacho kilikwisha kunjwa. Halafu akakiweka chini.

"Mwaka jana uchungu haukunijia ghafla," alisema. "Ulianza asubuhi. Mama alipita hapa mlangoni akienda kazini, akanisalimia. Nikamwitikia kwamba mimi mzima. Alipofunga geti nikauma mto."

"Wifi!"

"Nilimsindikiza dada yangu kuzaa pale, kabla sijaolewa. Niliyasikia yote. Nikasema mimi siendi kulala uchi mbele ya mama mkwe wangu nitukanwe, halafu jioni nimpakulie chakula. Nilidhani nitaweza. Nilidhani mtoto ni wa kutoka tu." Alijipangusa uso kwa kijifulana. "Mtoto wangu nimemuua mimi, wifi. Nalijua hilo kila siku. Na bado nikiufikiria ule mlango wa wodi, miguu inakataa."

Povu alimkumbatia, tumbo lile kubwa likiwa katikati yao, akalia naye. Baadaye akauliza, "Nimwambie mama?"

"Mwambie wewe. Mimi siwezi. Wewe ni damu yake, hatakufukuza."

Mama alikuwa jikoni anapiga pasi sare yake nyeupe juu ya meza. Povu alikuwa amepanga aanze kwa mbali, aumeume na kupuliza, lakini aliposikia sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshafika.

"Mama, nimejua kwa nini hawaji."

"Hawajui."

"Wanajua kila kitu. Wanakuogopa wewe."

Pasi ilisimama. "Nani kasema?"

"Wateja."

"Mimi sina wateja, nina wagonjwa. Wewe, nisikilize. Nusu ya watu wanaotembea mtaa huu wamepita kwenye mikono hii. Mwanamke akitaka kukata tamaa, humbembelezi, unamkemea, anasukuma, mtoto anatoka. Ulitaka niwaimbie?"

"Mama, sabuni ikiunguza watu ngozi, hatuchapishi mabango zaidi. Tunairudisha kiwandani."

"Kwa hiyo mimi ni sabuni?"

"Ndiyo. Tena nzuri, inang'arisha kuliko zote. Lakini inaunguza."

Mama alifyonya, akasukuma miwani. Alikuwa anajiandaa kumpa za uso, ilionekana. Povu akamwahi. Alimweleza habari ya asubuhi ile, geti, mto, na mtu aliyesema ni mzima. Hakuongeza wala hakupunguza.

"Alikuwa na uchungu tangu asubuhi?" mama aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. "Nilipomsalimia?"

"Ulipomsalimia."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa jikoni. Povu ndiye aliyeinyanyua pasi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.  Siku zilizofuata alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Siku moja asubuhi, akifunga viatu, akasema bila kumtazama mtu, "Mwambie mkwe wangu aende. Mimi nitakaa nje."

Povu hakungoja abadili mawazo. Alimkabili daktari mkuu, akamwambia mabango yatabanduliwa, na kwamba kuanzia sasa kila mzazi aruhusiwe kuingia wodini na mtu wake anayemtaka. Daktari alinung'unika kuhusu usafi na nafasi, kama walivyo wote. Povu akamuuliza kama vitanda vitupu vinahitaji nafasi kiasi gani. Akakubali.

Uchungu wa wifi ulianza mchana kweupe, Povu na mdogo wake wakamfikisha kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Mlangoni pa wodi alisita, akamshika Povu mkono mpaka ukafa ganzi, kisha akaingia. Mama alikuwepo kwa nje, hana sare, amevaa gauni la nyumbani, amekaa na ndugu za watu. Hawakuangaliana.

Zamu ilikuwa ya nesi mmoja kijana, msichana mchangamfu, mwepesi. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Uchungu ulipopamba moto wifi akaanza kupiga kelele, akajivuta kuelekea ukingoni mwa kitanda.

"Tulia wewe!" nesi akafoka, jicho kwenye kadi yake ya kliniki. "Unamlilia nani? Mimba tulikupa sisi? Mwaka jana uliua, na mwaka huu unataka kuua? Lala hapo!"

 Sauti ilikuwa ya msichana, lakini maneno, mkato wake, hata ile pumzi fupi kabla ya "lala hapo", vyote Povu alivijua kwa mama yake tangu akiwa mtoto. Wifi alinyamaza ghafla. Akaanza kushuka kitandani.

"Nirudishe nyumbani, wifi," alisema. "Nirudishe."

"Damu itakumaliza njiani! Wifi, nakuomba, lala!" Povu alimshika mabega, wifi akamsukuma, ana nguvu za ajabu, mguu mmoja umeshagusa sakafu.

Mlango ukagongwa. Wodi ile haikuwa na desturi ya kugongwa mlango. Nesi akaufungua kwa hasira, akakutana na mkunga mkuu ndani ya gauni la nyumbani, uso umemvimba kwa kulia.

"Sista! Afadhali umekuja, huyu anasumbua." Kisha akamwangalia mgonjwa vizuri, akakumbuka, akashika mdomo. "Jamani, samahani, nimesahau kabisa kuwa ni mkweo."

"Na asingekuwa mkwe wangu?" mama aliuliza.

Mama hakumgombeza nesi. Alijua shule aliyosomea msichana huyo: ni yeye mwenyewe. Alibaki kizingitini, vidole vyake vimeshika fremu ya mlango.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "niingie, au nibaki hapa?"

Wifi alimtazama, jasho linamtiririka. Uchungu mwingine ulikuja, akauma meno, ukapita.

"Ingia," alisema. "Lakini usiseme kitu."

Mama aliingia. Akanawa, akavaa glavu, akamrudisha mguu kitandani taratibu. Hakusema kitu. Alipotaka asukume, alimbonyeza kiganja. Alipotaka apumzike, alimpangusa paji la uso. Nesi alisimama kando, anaangalia mikono ile ikifanya kazi kimya. Wifi alipiga kelele zote alizokuwa nazo, za mwaka huu na za mwaka jana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mtoto alitoka analia kabla hata hajamaliza kutoka. Msichana. Mama alimfuta, akamfunga kitovu, akamlaza kifuani kwa mama yake, akaikagua damu, akaona ni ya kawaida. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akasimama na midomo imebanwa, machozi yanamchuruzika chini ya miwani, na hakuyapangusa.

"Mama," wifi alisema. "Sasa sema."

Mama alifungua mdomo. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena. Hakuna kilichotoka. Povu akamsogezea kiti, mama akakaa.