Mikono ya Ukoo

Jumapili ilimchosha mkandaji kuliko siku nyingine zote, tena ilimchosha bila asante. Wiki nzima alikuwa kwenye chumba cha masaji, amesimama, anaegemea migongo ya watu kwa viwiko na madole gumba. Kila mteja aliyeinuka kitandani alipewa wosia uleule: kunywa maji, leo usibebe kitu kizito, nenda kapumzike. Jumapili ikifika, ukoo wa mumewe ulimfuata nyumbani na kumtandikia mkeka sebuleni.

Na ukoo ule, jamani, ulijaaliwa migongo. Shemeji mdogo alikuja na paja lililokaza kwa kucheza mpira, mama mkwe akaja na miguu yake, na mtoto wa shangazi akaja na shingo aliyoilalia vibaya. Lakini bingwa wao alikuwa wifi mkubwa, dada wa mumewe. Huyo hata hodi alikuwa hapigi. Viatu alivivulia mlangoni, blauzi akaivulia koridoni, na mkandaji alipotoka jikoni kumpokea alimkuta ameshalala kifudifudi. Salamu zilisemwa mdomo ukiwa umezama kwenye mto. Hapo hapo, wifi. Shuka kidogo. Aa, sasa umenipata. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao miaka nenda miaka rudi.

Dole gumba la kulia ndilo lililoanza kugoma. Mwanzoni lilikuwa zito asubuhi, naye akalipuuza. Baadaye likashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta. Jumamosi moja likamgomea kabisa katikati ya mgongo wa mteja, akamalizia kwa kiwiko huku jasho linamtiririka. Aliogopa. Kazi ile hakuifanya kwa kukosa nyingine. Aliipenda, alipenda kusikia msuli uliokaza ukilegea chini ya mkono wake.

Mwenzake wa kazini, mwanamke mnene waliyemwita Bonge, aliona kila kitu. Wateja walipoisha alimwambia alale, na mkandaji, aliyekuwa hajawahi kulala juu ya kitanda kile, akalala. Bonge alianzia begani, akateremka polepole hadi kwenye kifundo cha mkono, na alipofika kwenye shina la dole gumba mkandaji akaangua kilio. Kuuma kuliuma, sikatai. Lakini alilia zaidi kwa sababu hakukumbuka ni lini mtu alimshika bila kuwa na shida yake.

Bonge hakumbembeleza. Alimpa wosia wao wenyewe, neno kwa neno, maji na mapumziko, akaongeza kitambaa cha moto asubuhi na jioni. Mkono usipopumzishwa, alisema, kazi ataiaga. Na hao wa kwenye mkeka wakimjia, awaambie Bonge amekataza.

"Nitawaambia mimi nimekataa," alisema mkandaji, na akajishangaa mwenyewe.

Jumapili ikafika. Mkandaji alikaa kwenye kochi na glasi yake ya maji, mkono umezungushiwa kitambaa cha moto na kulazwa juu ya mto. Mkeka aliukunja, akausimamisha nyuma ya mlango. Mumewe alipouona mkeka umesimama alijua leo kuna jambo, akajifanya anatafuta chaja ya simu. Mara wifi huyo. Viatu mlangoni, blauzi koridoni, halafu akasimama katikati ya sebule na blauzi mkononi, hana pa kulala.

Akasema hataki makubwa, kiuno tu, hakulala usiku. Mkandaji akampa pole, pole ya kweli, kisha akamwambia leo hakandi mtu kwa sababu mkono unauma. Wifi akauliza kama wa kushoto nao unauma. Haki ya Mungu, ndivyo alivyouliza. Mume akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba dada katoka mbali, labda kidogo tu.

"Wewe mikono yako yote mizima," mkandaji alimwambia. "Na mgongo wa dada yako ni huo hapo."

Mume akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Wifi alisema hawezi kukandwa na mtu asiyejua. Mkandaji akamjibu kwamba hata yeye hakuzaliwa anajua. Hapo wifi akachomoa silaha yake ya siku zote: kama amekuwa mzigo, basi hatakanyaga tena nyumba hii. Zamani neno hilo lilitosha kumfanya mkandaji akimbilie chupa ya mafuta. Leo hakunyanyuka.

"Kanyaga, wifi, hapa ni kwenu. Ila siku moja njoo bila mgongo, tukae tuongee. Miaka yote hii nakijua kisogo chako. Uso wako nauona ukiwa unaondoka."

Wifi aliivaa blauzi nje ndani, akachukua viatu vyake, akatoka peku. Mume alibaki amesimama, macho mlangoni, roho mkononi.

"Umemfukuza dada," alisema.

Mkandaji alikigeuza kile kitambaa upande wenye joto.

"Leo ndiyo nimemkaribisha."