Kizibo Kilichobaki

Mwalimu wa chekechea hakuwa na subira na mtu yeyote aliyepita kimo cha meza. Kwa watoto, sawa: angeweza kumngoja mtoto afunge kifungo cha shati mpaka kengele ilie, na asiseme kitu. Lakini mtu mzima akizungukazunguka na maneno, alisonya waziwazi. Walimu wenzake walimbandika jina la Mama Vizibo, maana kila alipopita aliokota vizibo vya soda, akavichemsha, akavimwaga kwenye ndoo ya bluu iliyokaa chini ya ubao. Walipomcheka aliwajibu, "Chekeni tu. Nyie mnafundisha hewa, mimi nafundisha kitu kinachoshikika."

Darasa lake lilikuwa chumba chenye mikeka miwili, kabati lisilofunga na watoto thelathini na kitu waliokaa kwa kubanana. Juma lake lilikuwa na mpangilio wake. Jumatatu sauti mpya, Jumanne silabi, Jumatano na Alhamisi hesabu. Ijumaa, wazazi wakija kuwachukua watoto, yote yanatolewa uani yaonekane. Juma lile ilikuwa zamu ya ng', sauti ya mwisho ya mwaka, na tangu asubuhi watoto walivuma kwa pua mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. "Gonga!" Mama Vizibo aliuambia ukuta. "Kusoma kunaanza kwa kelele."

"Nani atanipa neno lenye ng'o?" aliuliza.

"Ng'ombe!" wakapiga kelele wote.

"Lingine?"

Msichana mmoja wa mkeka wa nyuma alisimama. "Ng'o," alisema.

"Nimetaka neno zima, mama."

"Ndilo zima. Nikiambiwa nipe pipi yako, nasema ng'o."

Mama Vizibo alicheka mpaka akashika ubao. Msichana huyo ndiye aliyeitwa Kisiki, na jina hilo alipewa na Mwalimu Mkuu, kwa sababu ya mambo ya Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa ya Mwalimu Mkuu na Wimbo wa Mia. Mama huyo aliutunga mwenyewe alipokuwa mwalimu kijana: watoto wanahesabu kutoka moja mpaka mia kwa sauti ya kupanda na kushuka, na wakifika thelathini na sita, ili wasichoke, wanajizungusha mara moja, wanapiga makofi, pa!, kisha wanaendelea mbiombio mpaka mia. Wazazi waliouimba wakiwa wadogo sasa walileta watoto wao waje kuuimba, na wengine walitokwa machozi kila Ijumaa. Mama Vizibo hakutokwa na chochote. Aliuona ni ukasuku mtupu, na ukianza kuimbwa yeye alihesabu vigae vya paa mpaka uishe.

Kisiki aliimba vizuri na wenzake mpaka thelathini na sita. Alijizungusha, akapiga makofi. Halafu akafunga mdomo, akaukaza, na hata ungemtikisa asingeufungua tena. Ilikuwa hivyo mwaka mzima.

Jumatatu ile ile Mwalimu Mkuu alimwita baba yake ofisini, na Mama Vizibo naye akaitwa. Baba alikuwa fundi baiskeli, akafika na grisi mpaka kwenye viwiko, akaogopa kukaa kwenye kiti cha kitambaa.

"Baba, binti yako ana akili, sikatai," alianza Mwalimu Mkuu. "Ila ana kichwa kigumu. Akifika thelathini na sita, basi. Nimembembeleza, nimemkaripia. Ananitazama tu."

"Labda mimi ndiye niliyemharibu," fundi alisema kwa unyonge. "Nyumbani tunahesabu spoku za gurudumu, na zinaishia hapo hapo, thelathini na sita. Huenda anadhani namba nazo zimeishia pale."

"Wala!" Mama Vizibo akadakia. "Kwangu anahesabu vizibo mpaka ndoo inabaki na vumbi. Ni kwenye wimbo tu ananyamaza."

"Basi ni ukaidi," alisema Mwalimu Mkuu, "na utaratibu wetu unajulikana. Asiyefika mia na wenzake mbele ya wazazi hapandi darasa la kwanza. Ijumaa hii ndiyo ya kufunga mwaka. Asipoimba, anarudia chekechea."

"Mwanangu arudie kwa ajili ya wimbo?"

"Arudie kwa ajili ya nidhamu, baba."

Nje, fundi alisimama akizungusha kofia mikononi. "Mwalimu, watoto wote wa mtaani kwetu wanapanda. Akibaki peke yake atajua tumemwona mjinga. Mtoto akishalijua hilo, utamwondolea na nini?"

"Habaki," alisema Mama Vizibo. Alikwishalitamka kabla hajajua atafanya nini, na hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Jumatano alikuja na shauri. Alidhani mtoto anaogopa macho ya wazazi, basi akaona amzoeze wimbo kidogo kidogo humu ndani, akiwa na kitu mkononi. Akahesabu vizibo mia moja, akavimwaga kwenye mkeka, akaweka kopo la maziwa katikati. "Leo tunaimba polepole. Kila namba, kizibo kimoja kinaingia koponi. Tumeelewana?"

Wakaimba. Vizibo vikalia koponi, ting, ting. Kwenye thelathini na sita wakajizungusha, pa!, wakaendelea. Kisiki akanyamaza kama kawaida yake. Walipotamka mia, kwenye mkeka kilikuwa kimebaki kizibo kimoja, chekundu, kimelala chali.

"Mwalimu, kimebaki!"

"Nimekosea mimi kuhesabu." Akavimwaga, akahesabu tena kwa sauti, kimoja kimoja. Mia kamili. Wakaimba tena mpaka mwisho, na kizibo kikabaki tena.

"Huyu ameongeza cha kwake!" mvulana mmoja mwenye pengo la meno alimshtaki jirani yake, na jirani akaanza kulia. Katikati ya zogo hilo Kisiki akajitoa nyuma, akapiga magoti, akamwaga kopo. Akapanga vizibo safu safu, kumi kumi, bila haraka. Safu ya nne alipanga sita, akaacha nafasi, akaendelea kupanga mpaka vikaisha. Kisha akakichukua kile chekundu, akakiweka kwenye nafasi.

"Ni huyu," alisema. "Mnazunguka, mnapiga makofi, mnamwacha."

Mama Vizibo aliuimba moyoni. Thelathini na sita. Pa! Thelathini na nane. Akarudia. Wee! Huenda zamani namba ilikuwepo, chini ya makofi; makofi yakazidi kuwa makubwa, namba ikazama, na hakuna aliyegundua. Wazazi waliimba hivyo, watoto wao wakaimba hivyo. Na yeye, mjuaji wa vizibo, kila Ijumaa alihesabu vigae vya paa! Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Na wewe ukinyamaza pale unafanya nini?"

"Namsubiri," alisema Kisiki.

"Mbona hukumwambia Mwalimu Mkuu?"

"Hakuniuliza. Aliniuliza kwa nini mimi ni mkaidi."

Alhamisi asubuhi Mama Vizibo aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mwalimu Mkuu aliweka kikombe chini. Midomo yake ikacheza, ikafika mahali, ikasimama. Alikuwa amesikia. Uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa.

"Tutaurekebisha likizo," alisema mwishowe.

"Na mtoto?"

"Mtoto amenyamaza mwaka mzima, kila mzazi ameona. Nikimpandisha sasa wataniuliza sababu. Niwaambie nini? Kwamba shule nzima ilikosea, akapatia yeye?"

"Ndiyo. Maneno hayo hayo, usiongeze hata moja."

"Mdogo wangu, wimbo ule ndio jina langu hapa. Usinivue nguo mbele za watu."

"Mkuu, mimi sikuvui nguo. Ila huyu mtoto simwachi avuliwe yeye ili wewe ubaki nazo."

"Rudi darasani," alisema Mwalimu Mkuu, sasa kwa sauti ya ofisi. "Ijumaa ni yangu. Na mwakani kuna walimu wengi wanaotafuta kazi."

"Watafute," alisema Mama Vizibo, akatoka.

Siku hiyo hakuwafundisha watoto ujanja wowote. Aliwapa tu kila mmoja kizibo chake. "Hiki ni chako wewe. Kesho tukiimba, tutamhesabu kila mmoja, hatuachi mtu." Hakuhitaji kusema zaidi. Mtoto wa chekechea ukimwambia mwenzake kaachwa, hapati usingizi. Mchana kutwa walijihesabu: mlangoni, kwenye foleni ya maji, chooni. Aliyechelewa kurudi alikuta darasa zima limemsimamia mlangoni, limefura kwa hasira.

Ijumaa wazazi walijaa uani. Fundi alisimama ukutani, leo amenawa mpaka kucha. Watoto walisoma maneno yao ubaoni, ng'ombe, ng'oa, ng'ara, na Kisiki alisoma lake bila kukwama. Kisha wakajipanga mkekani kwa ajili ya wimbo, kila mmoja kizibo kimelowa jasho kiganjani. Mama Vizibo akashika kopo.

"Wazazi wapendwa," alisema Mwalimu Mkuu, "leo jua ni kali, wimbo tunaupumzisha. Tuingie moja kwa moja kwenye kuwaita wanaopanda."

Mama Vizibo alishtuka. Loo, mwanamke huyu! Amekwepa kweupe. Bila wimbo, nani atasikia kilichoachwa? Alibaki pale na kopo lake mbele ya mlango wa darasa la kwanza, mahali wanaoitwa hupita.

Mwalimu Mkuu hakuhitaji karatasi. Aliwajua wote. Akamwita wa kwanza, mwenye pengo. Mwenye pengo akatembea kwa maringo, na alipofika kwenye kopo, kwa kuwa alikuwa na kizibo na kopo lilikuwepo, akakitia. Ting.

"Moja!" likasema darasa. Hakuna aliyewaambia.

Wazazi wakacheka. Akaitwa wa pili. Ting. "Mbili!" Ikawa mchezo, hata akina baba waliojifanya wazito wakaingia, hesabu ikapanda uani kwa sauti kubwa. Mwalimu Mkuu naye alitabasamu, maana ilipendeza. Aliita, aliita. Mkeka ukapungua, upande wa darasa la kwanza ukajaa. Mama Vizibo akaanza kuelewa hesabu inakoelekea.

Ting.

"Thelathini na sita!"

"Na hao ndio wote," alisema Mwalimu Mkuu. "Tuwapigie makofi!"

Uwanja ukapiga makofi, pa! pa! pa! Wazazi wakaanza kuinuka, wakajikung'uta nguo, wakatafuta mikoba. Lakini watoto hawakupiga makofi. Walisimama upande wao wa darasa la kwanza wakiutazama mkeka, alipobaki Kisiki peke yake na kizibo chake chekundu.

"Bado," alisema mwenye pengo.

"Tayari, wanangu," alisema Mwalimu Mkuu. "Tumemaliza."

"Bado!" wakasema wote. "Bado! Bado!"

Makofi yakafa. Fundi akabandua mgongo ukutani. Mwalimu Mkuu akageuka kwa Mama Vizibo, tabasamu bado lipo mdomoni ila machoni limekwisha ondoka. "Mwalimu, nyamazisha watoto wako."

"Siwanyamazishi, Mkuu," alisema Mama Vizibo, kwa sauti ya kufika getini. "Nimekaa mwaka mzima kuwafundisha kuhesabu. Leo wamejua. Sasa mwite, au waambie wazazi kwa nini humwiti."

Mwalimu Mkuu alifungua mdomo. Huenda alitaka kumwita, huenda alitaka kukataa, hakuna ajuaye, kwa sababu hakutoa sauti. Uani kukawa kimya kile kile cha kila Ijumaa, kile kilichokuwa siku zote mdomoni mwa mtoto mmoja, na sasa kila mtu alikuwa nacho. Darasa zima lilisubiri.

Kisiki hakusubiri. Alikuwa amesubiri vya kutosha. Alishusha gauni vizuri, akakatiza uwanja mbele ya macho yote yale bila kuongeza mwendo wala kupunguza. Akafika kwenye kopo, akamtazama Mwalimu Mkuu, akaachia kizibo.

Ting.

"THELATHINI NA SABA!" wakapiga ukelele, na fundi baiskeli aliwashinda wote kwa sauti.

Kisiki akapita mlangoni, akaenda kusimama katikati ya wenzake, akakunja mikono kifuani. Na kama yupo aliyetaka kumtoa pale, basi aje amtoe.