Aliyekuwa Ndani ya Ukuta wa Maktaba

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi Chokaa alibandua saruji ya ukuta wa kaskazini katika maktaba kongwe ya umma iliyokuwa ikikarabatiwa, akamkuta babu yake mzaa mama ameketi ndani, mwiko wa uashi mkononi. Babu alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili. Mjukuu wake huyu wa kike alikwisha kutimiza hamsini.

"Mke wangu, umezeeka," akasema babu, akimtania mjukuu huku akijikung'uta vumbi.

"Kuzeeka kwanipasa. Wewe ulikuwa wapi?"

Akaeleza kwa maneno machache. Jukwaa la miti lilivunjika, akaangukia penye uwazi wa ukuta. Msimamizi akaamuru uzibwe siku ileile, kwa kuwa mkubwa alikuwa njiani kuukagua. Katika daftari la kazi akaandikwa: ametoroka. Kwa neno hilo moja, mama yake Fundi aliitwa binti wa mtoro tangu hajaachishwa ziwa hata akaota mvi, na posa mbili zikavunjika mlangoni.

Fundi akamwandikia babu kadi ya kuingilia, maana kanuni zilikataza mtu kuwapo kazini bila kadi. Kisha akampelekea mhandisi wa ukarabati lile daftari, akaomba neno lisahihishwe.

"Mzee nimemwona, na kofia nimempa," akasema mhandisi. "Lakini daftari limefungwa, na aliyelifunga ni marehemu."

"Huyu naye ni marehemu, na yuko kazini."

Mhandisi akatazama saa yake.

Ikabaki kazi ya chokaa, na kamati ya maktaba ilitaka ufunguzi uwe Jumamosi. Babu akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Hii imelala majini siku tisa tu, ingali na hasira. Ilazwe arubaini."

Kamati ikaamuru ipakwe. Ikapakwa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeteremka ukutani, ikarejea pipani. Ufunguzi ukaahirishwa.

Alasiri hiyo mama yake Fundi akaja na mkongojo wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuacha hujaota jino."

"Yaliota, alhamdulillahi. Na yamekwisha kung'oka."

Babu akacheka hata mwiko ukamponyoka. Tangu hapo mama akawa haji mikono mitupu. Kila alasiri alimsomea baba yake sura moja ya kitabu, kwani yule aliyeijenga nyumba ya vitabu hakujua kusoma. Siku ya arubaini babu alipaka ukuta mwenyewe, mjukuu akimkorogea, na chokaa ikashika, nyeupe kama maziwa.

Ufunguzi ukafanyika. Majina ya wanakamati yakachongwa kwenye jiwe la mlangoni. Daftari likawekwa ndani ya kabati la kioo, neno "ametoroka" likisomeka bila miwani, na wageni wakaonyeshwa.

Mama yake Fundi akavuta kiti chini ya kabati hilo, ubavuni mwa baba yake, akafungua kitabu pale walipoishia.