Jina la Catena

Kila asubuhi akienda kuteka maji, Catena Vullo alizunguka nyuma ya nyumba ya fundi viatu. Mbele palikuwa na mbwa mkali, na Catena akipita tu, mnyororo wa mbwa ulifunguka. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni. Baiskeli ya tarishi iliachia cheni. Saa ya mfukoni ya daktari ilichomoka kwenye mnyororo wake, ikadondoka kutoka kizibaoni. Pale kijijini, katikati ya kisiwa cha Sisilia, hakuna aliyelikuza jambo hilo. Walimwomba tu apite upande wa pili.

"Kosa la mama yako," fundi viatu alimwambia. "Angekuita Rosa tungepumzika."

Catena maana yake mnyororo. Mama yake alipozidiwa na uchungu wa uzazi, alimwahidi Bikira Maria wa Mnyororo, yule aliyewafungulia minyororo watu waliohukumiwa bure, kwamba mtoto akitoka salama atapewa jina lake. Wageni walidhani ni jina la kufunga. Mama alikusudia kufungua.

Mwaka mmoja Nunzio, kaka yake Catena, alilima na wenzake, bila ruhusa, shamba la bwana mkubwa lililolala miaka mingi bila jembe. Askari wakawakamata, wakawafunga wote kwa mnyororo mmoja, wakawapitisha uwanjani kuelekea stesheni.

Catena akaja na mkate na zeituni. Alipomkaribia kaka yake, mnyororo ukaanguka juu ya mawe. Hakuna aliyekimbia, maana bunduki zilikuwepo. Sajini akauokota, akawafunga upya. Ukaanguka tena.

"Unaitwa nani, dada?"

"Catena, afande."

"Ahaa." Sajini akamgeukia askari wake. "Lete kamba."

Wakafungwa kamba. Catena akamshika Nunzio mkono, akangoja. Kamba haikulegea.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu," Nunzio akasema. "Mwambie mama nimekula."

Catena aliwafuata hadi stesheni, na alipotoka huko alipitia kanisani. Padri alikuwa anafagia.

"Padri, yupo Bikira wa Kamba?"

Padri akaegemea ufagio.

"Simjui, binti yangu."

Nunzio alipewa miaka minne. Shamba la bwana mkubwa likarudi kuota miiba. Kituo cha askari kiliagiza kamba za kutosha, na hadi leo mtu wa kijiji kile akikamatwa, hakuna anayejisumbua kutafuta mnyororo.