Nusu ya Mbele, Nusu ya Nyuma

Mkunga alitaka gari la kumfikisha kwa mjamzito kabla mtoto hajatangulia, basi. Kwenye yadi pekee ya magari yaliyotumika pale mjini alibakiwa na mawili ya kuchagua, jeupe na la bluu. Alikwenda na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwalimu wa udereva ambaye hupima gari kwa namna moja tu. Hujaza kikombe maji, hukiweka juu ya dashibodi, kisha huingia barabarani. Maji yakimwagika kwenye kona, gari halifai.

Walianza na jeupe. Gia ziliingia bila kubembelezwa, na mlimani lilipanda bila kuhema. Kwenye kona ya kwanza usukani ukawa mwepesi mno, kwa sababu mikono mingine miwili ilikuwa imeushika. Mwalimu aliitambua kwa kidole gumba kilichopinda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Punguza mwendo, mbele pana shimo."

Kweli palikuwa na shimo. Maji hayakumwagika.

La bluu lilikuwa na nguvu zaidi, ila kila likikata kona lilivutwa nyuma upande mmoja, na kikombe kikabaki nusu. Mkunga alikuwa kiti cha nyuma, akajua sababu. Mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni yake, mkoba mapajani.

"Bado hatujafika tu?" aliuliza.

"Bado, mama," mkunga alijibu.

Mwaka uliopita mumewe alikuwa anampeleka mama huyo kliniki ya macho. Gari walilolinunua yadi hiyohiyo likakatika katikati kwenye kona, nusu huku, nusu kule. Kumbe lilikuwa vipande vya magari mawili, vimeunganishwa na kufunikwa rangi. Mwenye yadi alikuja msibani akalia kuwashinda wafiwa, akaahidi kwamba chuma kile kitapondwapondwa. Hakukiponda. Nusu ya mbele aliiungia mgongo wa gari jingine, akapaka nyeupe. Nusu ya nyuma akaiungia uso mwingine, akapaka bluu. Mtu yule hana haya, hana soni.

Waliporudi, mkunga alifunua zulia la gari hilo la bluu. Mstari wa kulehemu ulikatiza chini ya viti, kutoka mlango hadi mlango.

"Umewaua, sasa unawauza?"

"Dada, punguza jazba," alisema mwenye yadi, akipangusa kioo. "Hao wapo wapo tu, hawali mafuta. Na mkaguzi ameyapitisha yote mawili."

Mkaguzi alikuwa kivulini na soda yake, akaitikia kwa kichwa. Mkunga alimporomoshea matusi ambayo hata kwenye chumba cha kujifungulia hajawahi kuyasikia. Mkaguzi alisubiri amalize, kisha akamalizia soda.

Uwezo wa mkunga ulikuwa wa gari moja. Alichukua jeupe, si ili alipande, ila roho ilikataa kumwacha mumewe pale. Mwalimu aliliendesha mwendo wa jongoo mpaka nyumbani, wakaliegesha uani.

"Na mama je?" marehemu aliuliza.

"Kesho," mkunga alisema.

Kesho yake walipofika yadini, la bluu lilikuwa limeshanunuliwa na shule ya chekechea. Walilikuta mtaa wa pili, linapakia watoto. Mkunga alishika mlango, akamweleza dereva kila kitu: yadi, kona, zulia, mstari.

"Mama, gari lina kibali," dereva alisema kwa upole, akamtoa mkono mlangoni.

"Mwanangu, shuka nikuoneshe!" mkunga alipiga kelele. Mwalimu alisimama mbele ya gari, dereva akapiga honi, akarudi nyuma kidogo na kumzunguka.

Kiti cha nyuma, mama mkwe alipakata mkoba wake, akasogea dirishani ili watoto wapate nafasi.

"Njooni wajukuu zangu, tubanane," alisema. "Bado hatujafika."